Mwongozo wa sala ya jioni kwa mwenye shida, kutoka Kigoma

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu.

Kwa mtu mwenye shida, jioni ndiyo saa ngumu. Mchana una kazi zake: utaanika dagaa, utabishana na wateja, utamkimbiza mtoto zahanati, utahangaikia nauli. Jua likishazama mikono inapumzika, na mawazo ndiyo yanaamka. Mwaka 2019 mume wangu alipopooza upande mmoja, mchana watu waliniona mzima, nacheka nao pale mwaloni Kibirizi, samaki wanaposhushwa. Ikifika saa moja kifua kilinibana kana kwamba kuna mtu amekikalia.

Nilikuwa nasali tangu utoto. Nimezaliwa katika nyumba ya Kianglikana huko Kasulu, nikaolewa na Mkatoliki hapa Kigoma Mjini, na mdogo wangu wa kike ni mlokole, kwa hiyo sala nazijua za namna nyingi. Lakini miezi ile sala ndefu nilizozizoea zilinishinda. Nilianza kwa maneno mazuri, katikati nikajikuta nahesabu madeni. Ikanibidi nijifunze upya, na aliyenifundisha hakuwa mchungaji wala padri. Alikuwa muuguzi, na hadi leo hajui kwamba alinifundisha.

Kila jioni pale wodini alipolazwa mume wangu, muuguzi wa mchana alipita kitanda kwa kitanda pamoja na mwenzake wa usiku. Alimweleza yote: huyu homa imepanda, huyu hajala tangu asubuhi, huyu dripu imeisha saa tisa, huyu dawa yake bado haijapatikana. Hakuficha baya lolote, maana angelificha, mgonjwa angeumia usiku. Akishamaliza alichukua mkoba wake akaenda nyumbani. Wagonjwa walikuwa bado ni wagonjwa, ila zamu haikuwa yake tena.

Nikasema moyoni, sala ya jioni ndiyo hii. Unamweleza Mungu mambo ya siku bila kuficha, kisha unamkabidhi, unakwenda kulala. Wengi wetu tunaruka kimoja kati ya hivyo viwili. Wapo wanaokabidhi bila kusema. Wanakimbilia "yote namwachia Mungu" na huku moyo umefura. Wapo wanaosema usiku kucha wasikabidhi, wakaamka wamechoka kuliko walivyolala. Bwana wetu mwenyewe msalabani alivifanya vyote viwili, tena kwa maneno ya zaburi: alilia kwa Zaburi ya 22, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?", na akakata roho kwa Zaburi ya 31, "Mikononi mwako naiweka roho yangu."

Utaratibu ninaoueleza unachukua kama robo saa. Umekusudiwa mtu aliyechoka.

Kwanza: ipe sala saa yake

Lugha yetu imetusaidia hapa. Sisi saa zetu za usiku huanza kuhesabiwa jua linapozama. Saa moja ni saa ya kwanza kweli. Wazee nao wakisema "usiku wa Jumanne" walimaanisha usiku unaoutangulia mchana wa Jumanne. Biblia inahesabu hivyohivyo: "Ikawa jioni ikawa asubuhi, siku moja." Jioni imetangulia. Na mwenye Zaburi ya 55 anapotaja saa zake za kusali anaanza na hiyo: "Jioni, asubuhi, na adhuhuri nitalalama na kuugua, naye ataisikia sauti yangu." Kwa hiyo ukiketi saa moja kusali, siku iliyokuumiza imekwisha, na mpya umeianza ukiwa umekaa chini, hujafanya lolote bado, Mungu ndiye yuko kazini. Mimi jambo hili lilinipa nafuu kubwa nilipolitambua, ndiyo maana nalitanguliza.

Kigoma tuko magharibi kabisa mwa nchi. Wenzetu wa Dar es Salaam wakiwa wameshawasha taa, sisi bado tunaliona jua juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Linazama karibu na saa moja. Ukikaa Ujiji au Mwanga huhitaji hata kutazama simu, maana adhana ya Magharibi itakuambia. Miaka yote hiyo mimi naketi kusali kwa adhana ya majirani zangu Waislamu, na wao wanajua. Siku nikichelewa jikoni, jirani hunipigia kelele uani: "Jirani, kwetu wameshaadhini, wewe bado hujakaa?"

Kama kazi yako ni ya usiku, funga sala yako kwenye kitu unachokifanya kila siku kabla ya kutoka: kabla ya kuvaa sare, au kabla ya kufunga mlango. Kwa baba anayekwenda ziwani, mahali pake ni ufukweni kabla mtumbwi haujasukumwa, dakika mbili, kofia mkononi. Ile safari ambayo dhoruba iliwakuta wanafunzi nayo ilianza jioni, pale Yesu aliposema, "Na tuvuke mpaka ng'ambo." Yeye mwenyewe alikuwemo chomboni.

Saa uliyoichagua usiibadilishe kwa juma la kwanza. Mwenye dhiki hana nguvu ya kuamua upya kila siku kama asali sasa au baadaye.

Pili: mahali

Mkeka mmoja, kona moja, basi. Wanaokaa chumba cha kupanga, ambako jirani anakusikia hata ukikohoa, wanong'one. Hana mama yake Samweli alisali midomo ikicheza tu bila sauti, na akasikiwa. Mbu wetu hawana huruma saa za jioni, kwa hiyo hakuna ubaya kusali ukiwa ndani ya chandarua, lakini mshumaa au kibatari usikiingize humo, wala usikiweke karibu na neti. Simu iache kwenye chaji chumba kingine.

Tatu: utazame mwili kabla ya kufumba macho

Nabii Elia alipokimbia nyikani akaomba afe, Mungu hakumjibu kwa mahubiri. Alimtuma malaika amguse na kumwambia, "Inuka, ule." Akala mkate, akanywa maji, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye, mlimani.

Basi nawa uso na miguu. Kula kitu, hata kama ni ugali wa muhogo na mchuzi wa mawese uliobaki mchana. Kama una dawa za jioni, za presha, za sukari au za nyingine yoyote, zimeze kabla ya kusali ili usizisahau. Kaa. Kupiga magoti ni kuzuri, ila kama magoti yanauma au una mimba kubwa, kiti hakimzuii Mungu. Vuta pumzi taratibu mara tano au sita, mpaka mabega yashuke.

Halafu ndipo ufanye ishara ya msalaba kama ndiyo desturi yenu, au useme tu, "Bwana, nimekuja."

Nne: sema ukweli, tena kwa majina yake

Hapa ndipo nitakaa sana, kwa sababu hapa ndipo Wakristo wengi wa kwetu tunaogopa. Tumelelewa kwamba kumlalamikia Mungu ni kukosa adabu. Kwa hiyo mtu amezika mtoto juzi, anasali "Asante Baba kwa siku njema." Moyo unajua kwamba siku haikuwa njema. Akifanya hivyo mwezi mmoja, moyo unaacha kuja kwenye sala. Unabaki mdomo peke yake.

Fungua Zaburi usome inavyosema. "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" ndiyo mwanzo wa Zaburi ya 13. Zaburi ya 6 inasimulia mtu anayelowesha godoro kwa machozi kila usiku. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na inakwisha gizani. Hakuna mstari wa furaha mwishoni, na bado imo ndani ya Biblia, imehifadhiwa kwa ajili ya usiku wa namna hiyo. Wanafunzi chomboni hawakusema, "Mwalimu, tunakushukuru kwa mawimbi haya." Walisema, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Aliamka. Aliwauliza habari ya imani yao baada ya kuutuliza upepo. Hakuwaacha wazame kwanza.

Kwa hiyo sema. Na ukisema, taja kitu chenyewe. "Bwana, nina matatizo" ni sawa na muuguzi kumwambia mwenzake "wagonjwa wapo." Taja kiasi, taja siku, taja mtu.

Nitatoa mfano wangu. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Sina ugomvi na sababu yake, na mwenye macho alikuwa ameshaona kwamba dagaa na migebuka wanapungua. Ila kwa sisi tunaonunua pale mwaloni tukaanika na kuuza, miezi mitatu ni mirefu. Jioni moja ya Juni sala yangu ilikuwa hivi: "Mungu, Alhamisi kuna marejesho ya kikoba na mkononi nina elfu nne. Nimeona aibu leo kupita mbele ya nyumba ya mweka hazina, nikazunguka njia ya chini. Nimemfokea mtoto kwa sababu ya daftari. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Nimechoka kuwa mtu wa kuomba subira kwa watu." Hapo nikanyamaza. Hakuna malaika aliyetokea, na Alhamisi fedha haikutimia; nilikwenda nikaeleza, nikapewa majuma mawili. Lakini usiku ule nililala, na asubuhi nilipita mbele ya nyumba ya mweka hazina, nikabisha hodi.

Ukisema ya kuumiza, sema na kosa lako mwenyewe, kwa ufupi, bila kujichapa. Kisha tafuta jambo moja jema la siku hiyo. Moja tu. Lisipopatikana, usilitunge. Kuna jioni jambo langu jema lilikuwa kwamba mvua haikunyesha juu ya dagaa.

Wapo watakaoona sala ya namna hii haina imani. Mimi naona kinyume. Mtu asiyeamini kwamba kuna anayemsikia hana sababu ya kulalamika kwa sauti gizani.

Tano: zaburi moja, juma zima

Usisome sura tatu kila jioni. Chagua zaburi moja uisome jioni saba mfululizo, kwa sauti, taratibu. Siku ya kwanza utaisoma, siku ya nne itaanza kukusoma wewe, na siku ya saba utakuwa na mistari kichwani ambayo itakufaa usiku umeme ukikatika.

Ipi? Mwenye hofu aanze na ya 121, isemayo kwamba mlinzi wa Israeli "hatasinzia wala hatalala usingizi", au ya 4, ambayo mstari wake wa nane unafaa kuwa neno la mwisho kabla ya kulala. Aliyesalitiwa na mtu wa karibu, ya 55. Mwenye dhambi inayomwandama, ya 51. Mwenye njaa au deni, ya 86, inayoanza na mtu anayejiita "mnyonge na mhitaji". Naomba sana usimpe mtu mwenye njaa Zaburi ya 37 katika juma lake la kwanza, ule mstari wa mzee anayesema hajapata kumwona mwenye haki ameachwa wala mzao wake akiomba chakula. Ni neno la kweli katika mahali pake, lakini kwa mama ambaye watoto wake wamelala na uji mtupu linaweza kusikika kama lawama.

Kwa wafiwa, na kwa wanaomngoja mtu aliye ziwani, mimi ninaipenda ya 130: "Ee BWANA, toka vilindini nimekulilia." Sisi wa ufukwe huu neno vilindi tunalijua. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 mahali palipo na kina kirefu zaidi, na hakuna ziwa lenye kina kulipita duniani ila Baikal la Urusi. Kuna familia hapa ambazo mtu wao alikwenda asirudi, na hawana kaburi la kupalilia. Mwandishi wa zaburi hii hasemi kwamba ametoka vilindini. Analia akiwa humo, na anasema nafsi yake inamngoja Bwana kuliko walinzi waingojavyo asubuhi, kisha anarudia tena, "naam, walinzi waingojavyo asubuhi." Anayemngoja mvuvi anajua kwa nini amerudia.

(Katika baadhi ya vitabu vya Kikatoliki namba za zaburi hupungua kwa moja, kwa hiyo 130 unaweza kuikuta kama 129. Tazama maneno ya kwanza, usitazame namba.)

Mkatoliki anayependa Masifu ya Jioni ataendelea nayo, na mwenye rozari fungu moja latosha usiku wa shida, si lazima mafungu yote matano. Mwanglikana ana Sala ya Jioni yenye wimbo wa Mariamu na ule wa mzee Simeoni: "Sasa, Bwana, wamruhusu mtumishi wako, kwa amani." Msabato, jioni ya Ijumaa ni mlango wa Sabato yako, nawe unajua kuupokea. Hakuna anayehitaji kuacha desturi ya kanisa lake ili afuate niliyoyaandika.

Sita: majina matatu

Shida ina tabia ya kumfungia mtu ndani yake mwenyewe. Ndiyo maana kila jioni nataja watu watatu, si zaidi. Ukitaja ukoo mzima utachoka, na sala itakuwa daftari la mahudhurio. Mmoja awe mgonjwa au mfiwa unayemjua kwa uso. Wa pili awe mtu aliye mbali. Wa tatu awe mtu aliyekukosea.

Wa tatu ndiye mgumu. Paulo aliwaandikia Waefeso kwamba jua lisichwe na uchungu wao bado haujawatoka. Jua letu hapa linazama mbele ya macho, kila mtu analiona likigusa milima, na mimi mara nyingi limezama nikiwa bado na uchungu wangu. Ninachofanya ni kulitaja jina tu: "Bwana, fulani. Sijui nikuambie nini juu yake." Usiku wa kwanza inatosha. Juma la pili huenda ukaweza kuongeza neno.

Lakini elewa: kumsamehe mtu mbele za Mungu hakukulazimishi kurudi kulala katika nyumba unamopigwa. Kama mtu anakupiga au anamwingilia mtoto, sala ya jioni haitakiwi iwe kifuniko. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bila malipo, na ofisi ya ustawi wa jamii ipo wilayani. Nenda huko asubuhi, na usiku huu kalale kwa dada au kwa jirani.

Nilipokuwa msichana Kasulu nilifahamiana na mama mmoja Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, ile iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliokimbia vita ng'ambo ya ziwa. Kila jioni alitaja majina ya ndugu aliowaacha kijijini kwake, bila kujua nani yu hai na nani amekufa. Nikamuuliza, "Mama, sasa utamwombeaje mtu usiyejua kama yupo?" Akaniambia, "Mwanangu, mie nataja jina. Kama yupo wapi, Mungu ndiye anajua kwa kulipeleka."

Saba: kabidhi

Fungua viganja, viangalie juu, uviweke mapajani. Ni kitendo cha mwili, usikidharau. Mikono iliyokunja ngumi haiwezi kukabidhi. Kisha sema kile kilichobaki bila kutatuliwa, kitu kimoja kimoja, na baada ya kila kimoja ongeza, "Nakukabidhi." Ukimaliza sema yale maneno ya Zaburi ya 31, halafu Baba Yetu, taratibu, usiikimbize. Kaa kimya kwa muda wa kama pumzi kumi. Sema Amina, uinuke.

Baada ya Amina usianze kupanga mikakati ya kesho wala kushika simu kuangalia nani ameandika nini. Ukikumbuka jambo la kufanya kesho, liandike kwenye karatasi, karatasi ilale.

Sala yenyewe, kwa anayetaka maneno ya kushika

Mwingine ataniambia, "Mama, mimi nipe maneno." Haya hapa. Palipo na nukta, weka ya kwako.

*Ee Mungu Baba, jua limezama na mimi nipo bado. Nimekuja nilivyo.*

*Leo imekuwa hivi…*

*Kilichoniuma zaidi ni hiki…*

*Nilipokosea ni hapa… Nisamehe kwa ajili ya Yesu Kristo.*

*Jema nililoliona ni hili…*

(Hapa soma zaburi yako.)

*Nawaleta kwako hawa watatu… Nawaleta pia walio ziwani usiku huu, walio wodini, walio njiani, walio kambini, na anayelia mahali asipoonwa na mtu.*

*Bwana, zamu yangu imekwisha. Nimekueleza nilichokijua, na mengi sikuyajua. Yaliyobaki ni haya… Nakukabidhi. Wewe husinzii. Mimi nasinzia, kwa kuwa umeniumba hivyo. Walinde walio ndani ya nyumba hii mpaka kukuche.*

*Mikononi mwako naiweka roho yangu.*

*Baba yetu uliye mbinguni…*

Maneno yakikataa kutoka

Kuna jioni hata hayo hayatoki. Mume wangu miezi ya mwanzo ulimi wake ulikuwa mzito, alichoweza kusema ni "Yesu", na hilo nalo kwa shida. Tukasali hivyo: mimi nikisoma, yeye akisema neno lake moja. Baadaye nikagundua kwamba neno moja linaenda vizuri na pumzi. Unavuta pumzi, unasema moyoni "Bwana Yesu", unaitoa, unasema "unihurumie." Dakika tano za namna hiyo ni sala kamili. Paulo aliwaambia Warumi kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na kwamba Roho mwenyewe hutuombea "kwa kuugua kusikoweza kutamkwa." Sasa wewe unayeugua tu, usidhani umeshindwa kusali.

Au omba uombewe. Siku ya jumuiya usipokuwa na nguvu za kwenda, tuma mtoto akaseme, "Mama anaomba mje kwetu leo." Hakuna jumuiya itakayokataa.

Na kama yanakujia mawazo ya kujidhuru, au umelala bila usingizi majuma mawili, au huoni tena sababu ya kula, mwambie mtu usiku huohuo, mtu wa damu na nyama, kisha nenda hospitali kama ambavyo ungeenda kwa malaria. Dawa uliyoandikiwa na daktari usiiache kwa sababu mtu amekuwekea mikono. Luka, aliyetuandikia habari nyingi za Yesu akisali, Paulo anamwita tabibu.

Watoto

Watoto wasikalishwe robo saa nzima. Waache wakae mwanzoni, kila mmoja aseme jambo moja lililomhuzunisha na moja lililomfurahisha, muimbe ubeti mmoja wa wimbo wanaoujua, waende kulala. Usiwafiche shida yote, maana wanaiona, ila usiwabebeshe hesabu za deni. Mwanangu mdogo wakati ule aliomba kila siku kwamba mkono wa baba uamke. Uliamka nusu. Anaendelea kuomba nusu iliyobaki, na simkatazi.

Nyumba za wavuvi zina nafasi nyingine nzuri. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na akina baba wanashinda nyumbani hata usiku. Siku hizo msisali mkiwa mmegawanyika. Mpe baba aongoze, hata kama hajui maneno ya kanisani. Asome hiyo sala ya hapo juu kama ilivyo.

Ukiamka saa nane usiku

Utaamka. Usiwashe taa, wala usianze sala upya kana kwamba ile ya jioni haikupokelewa. Muuguzi aliyefika nyumbani hapigi simu wodini kila saa. Sema mstari mmoja wa zaburi ya juma lile, ule ulioushika, mara nyingi kadiri unavyotaka. Kama usingizi hauji baada ya muda mrefu, inuka, kunywa maji, keti kidogo mlangoni au dirishani.

Ukikaa upande wa ziwa, usiku usio na mwezi utaziona taa za wavuvi, nyingi, zimetawanyika majini hadi mbali. Chini ya kila taa kuna watu wanaokesha juu ya wavu, na mtu fulani nyumbani anawangoja. Chagua taa moja, umwombee aliye chini yake ambaye humjui. Kisha rudi kitandani.